Namba 20 iliyopasua paa la koko: historia ndogo ya mshono, urefu wake na upana wake

Zamu yangu ya kuandika imefika. Mara ya mwisho wengi mlisema mmechoka na historia za wafalme na marais, mnataka historia ya kitu cha mkono, kitu cha kazi. Basi mimi naleta cherehani. Sisi wa Kivu tunasema mashini, Watanzania wanasema cherehani, Waganda hapa wanasema ekyalaani. Ukisikiliza vizuri, hilo neno la Waganda ni lile lile cherehani limebadilisha nguo tu.

Nianze na aibu yangu, ndiyo itawaonyesha kwa nini nilienda kutafuta hii historia.

Msimu wa mvua ulikuwa unaanza. Koko mmoja jirani yetu alikuwa na turubai mbili, zimechakaa pembeni lakini katikati bado nzima. Alitaka ziunganishwe ziwe moja, zifunike nyumba mpaka siku atakapopata mabati. Mimi nilikuwa nimetoka kumaliza mafunzo ya ushonaji ya miezi mitatu. Cheti kilikuwa bado kipya, nimekitundika ukutani. Nikamwambia: "Koko, lete. Hii ni kazi ya nusu saa."

Mashine niliyotumia haikuwa ya mafunzo. Ilikuwa ya Mama fundi wa mtaa wetu, Singer ya zamani ya kukanyaga kwa miguu, nyeusi, yale maua ya dhahabu karibu yote yamefutika. Mama fundi alitoka nayo nyumbani ikiwa kichwa tu, kimefungwa kwenye kikwembe. Miguu ya chuma na meza aliiacha, maana huwezi kukimbia na meza. Meza ya sasa ilitengenezwa hapa na seremala. Kwenye nguzo ya hiyo mashine kuna kibao kidogo chenye kijimkono cha kupandisha na kushusha, na namba zimeandikwa: 6, 8, 10, 12, 15, 20, 30. Mashine za mafunzo zilikuwa na duara lenye namba 0 mpaka 4, na mwalimu alitufundisha vizuri kabisa: namba kubwa, mshono mrefu; namba ndogo, mshono mfupi.

Nikafikiri, turubai ni nzito, inataka mshono mrefu. Nikaweka 20.

Mishono ikatoka midogo, imebanana kama chungu. Niliona. Lakini nikajiambia kumbe ndiyo uzuri, mishono mingi inashika zaidi. Nikapiga mstari mmoja, nikarudia wa pili juu yake kwa kuongeza nguvu. Koko akanishukuru, akanipa hata ndizi.

Usiku wa nne upepo ukaja na mvua. Ile turubai haikuchanika ovyo ovyo. Ilichanika kwenye mstari wangu, nyoofu kabisa, kama karatasi ya daftari yenye vitobo vya kuchania. Uzi ulikuwa mzima. Plastiki ndiyo iliachia, juu nilikuwa nimeitoboa tundu kwa tundu mpaka katikati ya tundu na tundu hakukubaki kitu. Koko alilowa yeye na wajukuu watatu, na mfuko wa unga wa mwezi mzima ukalowa.

Hakunitukana. Ingekuwa afadhali anitukane.

Mama fundi alikuja kuangalia asubuhi. Akashika ule mstari, akaniuliza kitu kimoja tu: "Mwanangu, uliangalia namba ao uliangalia kitambaa?" Mimi nikajitetea, nikasema mashine yake imeandikwa kinyume. Akasema: "Mimi niliikuta hivyo. Wewe ndiye ulisoma sekondari. Katafute kwa nini."

Nikatafuta. Haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza, mshono unatembeaje

Kwa wale ambao hawajawahi kukaa kwenye mashine: mashine ya kawaida inatumia nyuzi mbili, mmoja wa juu unaopita kwenye sindano, mwingine wa chini unaotoka kwenye bobini. Sindano inashuka na uzi, chini ule uzi unashikwa na kuzungushwa kwenye uzi wa bobini, nyuzi zinafungana katikati ya kitambaa, sindano inapanda. Hapo kama kitambaa hakitembei, sindano itarudi kwenye tundu lile lile na utapata fundo tu. Kwa hiyo kuna meno madogo chini ya mguu wa kubana kitambaa. Meno yanapanda, yanashika kitambaa, yanakisukuma nyuma, yanashuka, yanarudi mbele yakiwa chini, yanapanda tena.

Urefu wa mshono ni umbali ambao yale meno yanasukuma kitambaa kati ya tundu moja na lingine. Hakuna siri nyingine. Ukizungusha ile namba, hugusi sindano. Unayaambia meno yapige hatua ndefu ao fupi.

Upana ni kitu kingine. Upana upo kwenye mashine za zigizaga tu. Pale sindano yenyewe inacheza kushoto na kulia wakati meno yanaendelea kusukuma. Kadiri sindano inavyocheza mbali, ndivyo mshono unavyokuwa mpana. Upana ukiwa 0 unarudi kwenye mshono ulionyooka.

Kwa hiyo kuna miendo miwili, wa meno na wa sindano. Na kila mmoja una historia yake.

Watu waliotafuta kabla ya Singer

Watu wengi wanafikiri Singer ndiye aliyevumbua mashine ya kushona. Si kweli. Mwaka 1790, Mwingereza Thomas Saint, fundi wa makabati, alipata hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya mashine ya kushona ngozi. Michoro yake ilikaa kwenye mafaili ya serikali karibu miaka 80 kabla mtu hajaifukua.

Mwaka 1830 Mfaransa Barthélemy Thimonnier, fundi cherehani kabla cherehani haijakuwepo, alipata hataza ya mashine yake, ambayo ilishona mshono wa mnyororo kwa uzi mmoja. Huko Paris kukawa na warsha ya mashine 80 hivi, zikishona sare za jeshi. Mwaka 1831 mafundi wa mkono wakavamia ile warsha wakazivunja mashine zote. Waliogopa njaa. Ukiwa mkimbizi unasoma hiyo habari, huwezi kuwacheka. Mtu akikuletea kitu kipya na hakukuonyesha utakulaje kesho, unakiona ni adui. Thimonnier alikufa 1857 akiwa maskini.

Marekani, miaka ya 1830, Walter Hunt wa New York alitengeneza mashine ya nyuzi mbili yenye sindano ambayo tundu lake liko kwenye ncha. Hakuiombea hataza wakati ule. Inasemekana aliambiwa itawanyima kazi wanawake washonaji. Huyo huyo Hunt mwaka 1849 ndiye alipata hataza ya pini ya usalama, ile tunayofungia nepi za watoto.

Akaja Elias Howe. Mwaka 1845 aliiweka mashine yake ishindane na wanawake watano washonaji hodari huko Boston, akawashinda. Hataza yake ni ya tarehe 10 Septemba 1846. Lakini Wamarekani hawakununua, akaenda kutafuta maisha Uingereza, nako mambo yakamkatalia. Alirudi Amerika hana kitu, ameweka rehani mpaka mashine yake, akamkuta mke wake anaumwa sana, na muda si mrefu mke akafariki. Utajiri alikuja kuupata baadaye, baada ya kesi mahakamani.

Sasa sikilizeni jambo la mashine ya Howe, juu linahusu mada yetu. Kitambaa kilikuwa kinatundikwa kwenye kibao cha chuma chenye vipini. Kibao kinatembea, kikifika mwisho unasimamisha mashine, unakitoa kitambaa, unakitundika upya. Huwezi kushona kona, huwezi kushona mkono wa shati kwa mfululizo. Sindano ilikuwa tayari, lakini mwendo wa kitambaa ulikuwa bado.

Mtu wa meno

Huyu jina lake halijulikani sana, na mimi naona ndiye anayetuhusu zaidi. Allen Benjamin Wilson, Mmarekani, naye alijifunza kazi ya kutengeneza makabati. Ndiye aliyeleta ule mwendo niliowaeleza: meno yapande, yasukume, yashuke, yarudi. Miendo minne. Hataza yake ni ya mwaka 1854. Kwa njia hii kitambaa kiko huru mezani, unakigeuza unavyotaka, na meno yanakisukuma kidogo kidogo. Mpaka leo, ukifungua mashine ya umeme ya kisasa ao ile nyeusi ya Mama fundi, utakuta miendo ile ile minne.

Na hapa ndipo urefu wa mshono ulipokuwa kitu cha kuchagua. Ukifupisha safari ya meno, mshono unafupika. Ukirefusha, unarefuka. Mshonaji wa mkono alikuwa anapima kwa jicho na kwa uzoefu wa miaka. Sasa hata mtu wa miezi mitatu anaweza kupata mishono yote sawa, bora tu ajue anachokigusa. Mimi sikujua.

Singer na mambo ya pesa

Isaac Merritt Singer alikuwa mwigizaji wa jukwaani na fundi wa mitambo. Hataza yake ni ya tarehe 12 Agosti 1851. Alichofanya ni kukusanya mambo mazuri sehemu moja: sindano iliyosimama wima, meza iliyolala, mguu wa kubana kitambaa. Kuna hadithi kwamba alimhurumia mke wake akishona kwa taabu ndiyo akabuni mashine. Hata Gandhi, ambaye hakupenda mashine, mwaka 1924 aliitenga mashine ya Singer kuwa mojawapo ya vitu vichache vyenye faida, akaitaja hadithi hiyo ya mke. Lakini ukweli wa maisha ya Singer ni kwamba alikuwa na familia kadhaa kwa wakati mmoja, watoto zaidi ya 20. Huruma kwa mke, hapo mtaamua wenyewe.

Wakati ule kila kampuni ilikuwa inaishtaki nyingine, kila mmoja anadai sindano yangu, meno yangu. Mwaka 1856 wakubwa wakakaa pamoja, Howe, Singer, Wheeler & Wilson na Grover & Baker, wakaziweka hataza zao kwenye kapu moja na kugawana faida. Na mwaka huo huo 1856 mshirika wa Singer, mwanasheria Edward Clark, akaanzisha mpango wa kulipa kidogo kidogo: unatoa pesa kidogo unachukua mashine, unamalizia kila mwezi. Mwaka 1853 Singer walikuwa wameuza mashine 810. Mwaka 1870 waliuza zaidi ya 127,000.

Kampuni ya Wheeler & Wilson ilitangaza wakati ule kwamba shati la mwanaume kwa mkono linachukua saa 14 na dakika 26, na kwa mashine saa 1 na dakika 16. Ni tangazo la biashara, lakini kila fundi atakubali kwamba tofauti ni ya namna hiyo. Wale wa vikundi vya akiba mnanielewa: mtu hanunui mashine, ananunua hizo saa 13.

Njia iliyofika kwetu

Kabla mashine hazijafika, kitambaa cha Amerika kilikuwa kimeshafika. Mwaka 1833 Sultani Seyyid Said wa Zanzibar aliweka mkataba wa biashara na Marekani. Meli za kutoka Salem, Massachusetts, zikaleta kitambaa kigumu cha pamba, ndiyo maana mpaka leo kinaitwa merikani ao amerikani. Misafara ilikibeba mpaka Ujiji na kuvuka Ziwa Tanganyika kuja upande wetu. Pamba ya viwanda vile vya Amerika ilitoka kusini, ikilimwa na watumwa weusi. Na misafara ile ile iliyoleta merikani, kurudi pwani ilibeba pembe za ndovu na watu. Mimi hii sehemu niliisoma mara mbili. Kitambaa kinaweza kuwa na historia mbaya kuliko mashine.

Baadaye, wakati wa ukoloni, cherehani zikawa kitu cha kawaida kwenye veranda za maduka ya Wahindi mijini, fundi amekaa nje anashona na mteja anasubiri. Nyingi za zile Singer nyeusi zilitengenezwa Clydebank, Scotland, kwenye kiwanda kikubwa kilichofunguliwa miaka ya 1880. Ukiona kibao kimeandikwa 15K, hiyo K ni ya kiwanda hicho. Mwaka 1911 wafanyakazi karibu 11,000 wa kiwanda hicho waligoma, na mgomo ulianza na wanawake 12 tu wa kung'arisha makabati waliopewa kazi zaidi kwa malipo madogo zaidi. Kiwanda kilifungwa 1980. Lakini mashine ya Mama fundi imekataa kufunga.

Hizi nyeusi nyingine mnazoziona sokoni, zenye picha ya kipepeo, ni za Shanghai, China, zimefuata umbo lile lile la zamani la Singer. Huko China kulikuwa na wakati ambapo mtu akitaka kuoa vizuri anatafuta vitu vinne: saa ya mkono, baiskeli, radio na cherehani. Si mbali na wazee wetu.

Sasa ile namba 20

Wamarekani na Waingereza walikuwa wanapima kwa inchi. Fundi wao alikuwa anauliza: kwenye inchi moja, mishono mingapi? Kwa hiyo namba ya kwenye Singer ya zamani ni hesabu ya mishono kwenye inchi. 6 maana yake mishono sita tu, kwa hiyo mirefu. 30 maana yake mishono thelathini imejazana kwenye inchi ile ile, kwa hiyo midogo sana.

Wafaransa baada ya mapinduzi yao walileta mita, sheria yake ni ya mwaka 1795, na nchi nyingi za Ulaya zikafuata. Mashine zinazofuata njia hiyo zinauliza kitu kingine: mshono mmoja una milimita ngapi? Hapo 4 maana yake milimita nne, ni mrefu. 1 ni milimita moja, ni mfupi.

Kwa hiyo hakuna aliyeandika kinyume. Mmoja anahesabu mishono, mwingine anapima mshono. Inchi moja ni milimita 25.4, unagawa tu. Namba 10 ya zamani ni kama milimita 2.5, ndiyo mshono wa kawaida. Namba 12 ni kama 2.1. Namba 6 ni kama 4.2. Na ile 20 yangu ilikuwa milimita 1.3 hivi. Nilishona turubai kwa mshono unaokaribia wa hariri, tena mara mbili.

Chukueni futi ya fundi, ile ya plastiki ya kujikunja. Upande mmoja inchi, upande wa pili sentimita. Wengi wetu hapa tumezaliwa nchi zilizotawaliwa na Wabelgiji, za sentimita, tumekuja kuishi nchi iliyotawaliwa na Waingereza, na wateja wa hapa wanakuambia kiuno inchi 32. Ukipewa mashine, jambo la kwanza ni kuuliza inaongea upande gani wa futi.

Na upana je?

Zigizaga nayo ina mtu wake, na ni mwanamke. Helen Augusta Blanchard, wa Portland, Maine, Marekani. Familia yao ilikuwa na mali, ikaanguka baada ya biashara ya baba kuharibika. Alikopa pesa ya kulipia hataza, na mwaka 1873 akapata hataza ya mashine ya mshono wa zigizaga. Mshono huo unazungusha ukingo wa kitambaa usifumuke na kukiacha kivutike. Baadaye alifungua kampuni, na akaweza kuinunua tena mali ya familia iliyopotea. Hiyo habari nilimsomea mama yangu mzazi. Hakusema kitu, alinyamaza muda mrefu.

Kwa miaka mingi zigizaga ilibaki ya viwandani. Uswisi, Karl Friedrich Gegauf alitengeneza mashine ya mapambo ya pindo mwaka 1893, na kampuni ya familia yake, Bernina, ikatoa mashine ya nyumbani yenye zigizaga mwaka 1938. Uswisi wanapima kwa milimita. Kwa hiyo kwenye upana hakuna ugomvi wa inchi: upana 3 ni milimita tatu, upana 5 ni tano.

Lakini upana una hatari yake. Hapa kwetu kuna dada mmoja kutoka Burundi alipewa mashine ya umeme ya msaada. Siku ya kwanza alivunja sindano nne. Watu wakasema mashine ni mbovu. Kumbe alikuwa amefunga mguu wa mshono ulionyooka, wenye katundu kamoja kadogo, halafu ameweka upana 5. Sindano ikienda kulia inagonga chuma. Ukitaka upana, mguu na bati la chini lazima viwe na nafasi pana. Na usizungushe upana wakati sindano iko ndani ya kitambaa. Ipandishe kwanza, ndiyo uzungushe.

Urefu na upana vinafanya kazi pamoja. Kuzuia ukingo usifumuke, weka upana 4 ao 5 na urefu 2 mpaka 3. Kwa tundu la kifungo zigizaga ibanane, urefu kama 0.5, upana kama 2. Kukaza mdomo wa mfuko wa suruali, urefu 0 na upana 3, sindano inacheza sehemu moja. Anayetumia mashine ya zamani isiyo na zigizaga asione aibu: kata ukingo, ukunje mara mbili, piga mshono wa 12. Nguo za wazazi wetu zilidumu hivyo.

Somo ninalowaachia

Kwa wenzangu wa ushonaji: kitambaa chepesi, mshono mfupi, milimita 2 ao namba 12. Kikwembe na sare ya shule, 2.5 ao namba 10. Jinzi, 3 ao namba 8. Kupiga bandi, urefu wa mwisho kabisa ili ifumuke kwa urahisi. Na chochote ambacho kikitobolewa tundu halijifungi, yaani turubai, plastiki, ngozi, mshono mrefu, milimita 4 ao namba 6, tena usirudie juu ya mstari. Kabla ya nguo ya mteja, chukua kipande cha kitambaa kile kile, kikunje mara mbili, piga mishono 10, pima kwa futi. Ikiwa ni sentimita mbili na nusu, basi uko kwenye 2.5. Mashine ya zamani imechakaa, namba inaweza kudanganya. Futi haidanganyi.

Kwa ndugu zetu wa mashirika mnaotusoma, nasema kwa heshima. Tunashukuru kwa mafunzo na mashine. Lakini mtu anajifunza miezi mitatu kwenye mashine ya aina moja, akitoka anakutana na nyingine sokoni, na hakuna aliyemwambia namba zina lugha mbili. Kikundi kimoja ninachokijua kilirudishiwa sare za shule sababu mishono ilikuwa mirefu na seketi zinafunguka. Walioshona wakaitwa wavivu. Hawakuwa wavivu, walikuwa wamepewa cheti kabla ya kupewa futi. Ulizeni mapema: huyu akimaliza, atakalia mashine ipi? Mfundisheni kwa hiyo. Na mtihani wa mwisho uwe kipande cha kitambaa na swali: pima, ni ngapi?

Turubai ya koko niliirudia bila malipo. Nilikata ule mstari wote mbovu, nikakunja kingo mbili zishikane, nikaweka utepe wa kitambaa kigumu chini yake, nikabadilisha sindano, nikasukuma kijimkono mpaka 6. Mistari miwili, mbali kwa upana wa kidole. Unga nilimpelekea kutoka kwa mgao wangu, si wote, nusu. Mvua za Machi zilikuja, za Aprili zikaja, paa likakaa.

Ila jina halikutoka. Koko mpaka leo akiniona njiani ananiita Fundi Ishirini, na wajukuu wake wamejifunza. Mimi naitika tu.

Aliye na mashine ambayo hajui namba zake zinaongea nini, Jumamosi mchana niko kwa Mama fundi. Njoo na kipande cha kitambaa na uzi wako. Futi tunayo.